Mlima Uliozungukwa

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Kilakala, Morogoro

Nimeombwa nizungumzie vitabu vya safari, hasa safari ndefu za miguu milimani, na nimefurahi kwamba mmeniomba jambo hili hapa Kilakala. Tulipokaa ni juu kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Ukitoka nje ya ukumbi huu ukainua macho, kilele cha Lupanga kiko mita 2,138. Mwinuko huo wote hauna gari. Wenye mashamba huko juu wanaupanda na kuushuka kwa miguu, mwaka hadi mwaka, na wengi wenu mmekutana nao asubuhi wakielekea sokoni.

Nina jambo moja la kusema. Vitabu vya safari vilivyoitangaza Afrika Mashariki huko Ulaya katika karne ya 19 vilipita hapa hapa, miguuni pa Uluguru. Waandishi wake waliuona mlima, wakausifu, wakauzunguka. Njia za misafara zilikuwa mbili, moja ikipita kusini mwa mlima na nyingine kaskazini, na zote mbili ziliukwepa. Wanaoupanda, hasa akina mama wenye mizigo, kitabu chao hakijaandikwa. Nataka kiandikwe, kwa Kiswahili, na mtu wa hapa.

Tuanze na njia ya kusini. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Kaole, jirani na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni 1857. Wakafuata bonde la Kingani, ndiyo Ruvu ya chini, hadi Duthumi, na hapo homa ikawalaza wote wawili. Wakasogea hadi Zungomero, karibu na Kisaki ya leo, kituo ambako misafara ya kwenda bara ilikutana na iliyokuwa ikirudi pwani. Mwanzoni mwa Agosti wakapandisha kufuata mto Mgeta kuelekea magharibi. Burton aliyaandika yote hayo katika kitabu kilichotoka London mwaka 1860, The Lake Regions of Central Africa, na kwa haki yake niseme kwamba ni kitabu cha mtu mwenye macho. Bei za vitu zimo, aina za nguo na shanga zimo, vyeo vya watu wa msafara vimo. Mwanahistoria wa Morogoro asiyekisoma anajinyima.

Lakini someni ukurasa wake wa Rubeho, ile milima mnayoiona kwa mbali mkienda Dodoma. Ni Septemba 1857. Homa haijawaacha. Njia imesimama mbele yao kama ukuta, na kupanda kunachukua muda wa saa sita, wakipumzika kila baada ya hatua chache. Burton ameshikwa na mtu mmoja. Speke, aliyekuwa mgonjwa zaidi, ameshikwa na watu wawili, pengine watatu. Punda wanaanguka. Ni ukurasa mzuri sana, unamtia msomaji jasho. Nilipousoma tena hivi karibuni nilijikuta nawatafuta wale watu walioshika. Walikuwa nani? Nao walikuwa wanapanda mlima ule ule, saa zile zile, wakiwa wamebeba nusu ya uzito wa mtu mwingine. Wao Rubeho waliionaje? Katika ukurasa huo hawana majina. Wana mikono tu.

Hapo ndipo kilipo kipimo changu cha kitabu chochote cha safari ya miguu: je, mwandishi anaujua mzigo? Mpagazi wa Bagamoyo alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na mwenye pembe aliweza kubeba zaidi. Msafara ulitembea kwa mwendo wa mzigo. Ulisimama pale mzigo uliposhindwa, ulianza alfajiri kwa sababu jua na mzigo havipatani, na ulilala penye maji kwa sababu watu wale walitaka kupika. Mwenye daftari alidhani anauongoza. Kirangozi aliyetangulia na bendera, na wanyampara waliogawa posho, walijua nani hasa anaamua leo tunafika wapi.

Njia ya kaskazini mnaijua zaidi kwa sababu mji wetu umekaa juu yake. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone. Alipofika hapa alikuta Simbamwene, mji wa boma la mawe, wenye minara pembeni na malango ya mbao zilizonakshiwa. Ulijengwa na Kisabengo, mbabe wa vita kutoka Uzigua, na wakati Stanley anapita, mtawala alikuwa binti yake. Kwa hiyo kitabu mashuhuri kuliko vyote vya safari za Afrika, How I Found Livingstone cha mwaka 1872, kilimkuta mwanamke akitawala mahali tunapopaita Morogoro. Stanley hakupendezwa. Mtawala alidai ushuru kama kila mwenye nchi alivyodai hongo kwa msafara upitao, na mwandishi akaligeuza dai hilo kuwa ugomvi. Kuhusu milima anasema ni mizuri, kisha anakimbilia mbuga ya Mkata, ambako masika yalimpiga vibaya.

Hata hivyo kitabu chake kimetuhifadhia jambo moja kubwa kuhusu mlima, na nadhani mwenyewe hakujua ukubwa wake. Aliporudi mwaka uliofuata, karibu na Mei 1872, aliukuta mji ule umebomoka. Mto Ngerengere ulikuwa umefurika, umezoa ukuta wa mbele wa boma pamoja na nyumba nyingi, na vijiji kadhaa bondeni vilikuwa vimetoweka. Aprili ya mwaka huo huo kimbunga kilikuwa kimeipiga Unguja na kuangusha minazi na mikarafuu. Msomaji wa London alisoma habari hiyo kama ajabu ya safari. Sisi tunaokaa chini ya mteremko huu tuisome kwa namna nyingine: mlima uliozungukwa na waandishi ulishuka wenyewe bondeni ukawaonyesha.

Sasa kuna mtu mmoja aliyepita njia zote mbili. Sidi Mubarak Bombay alizaliwa miongoni mwa Wayao, akakamatwa utotoni na kuuzwa, akaishi India utumwani, na bwana wake alipofariki akarudi Afrika akiwa huru. Mwaka 1857 alikwenda na Burton na Speke kupitia Zungomero. Mwaka 1860 alirudi njia hiyo na Speke na Grant. Mwaka 1871 alipita Simbamwene na Stanley. Mwaka 1873 akapita tena na Verney Lovett Cameron, na safari ile haikuishia Ujiji. Iliishia pwani ya Atlantiki, Benguela, mwishoni mwa 1875. Hebu fikirieni. Kama kuna aliyeijua miguu ya Uluguru, kusini na kaskazini, kiangazi na masika, ni Bombay. Wazungu watano aliokwenda nao walirudi kwao wakaandika vitabu vinene. Bombay alipewa nishani na pensheni na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, akafariki mwaka 1885. Habari za maisha yake tunazipata ndani ya vitabu vya wengine, kwa kadiri walivyoona inafaa.

Nasema haya kwa uchungu, lakini sitaki mwondoke na fikra kwamba wetu hawakuandika. Waliandika. Jacob Wainwright, aliyekuwa katika kundi lililobeba maiti ya Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo mwaka 1873 na 1874, aliweka shajara ya safari ile. Na mwaka 1901 kilichapishwa Ujerumani kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani huku pwani na baadaye mwalimu wa Kiswahili Berlin. Ndani yake wenyewe wanasimulia, kwa lugha yao. Sleman bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara. Mtoro bin Mwinyi Bakari, yule yule wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, anaeleza alivyokwenda Udoe hadi Uzigua. Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, anasimulia safari ya mwaka 1896 kupitia Urusi na Siberia hadi milima ya Altai, akiwa na bwana wake Mjerumani. Mngazija katika Altai! Wanafunzi wangu kila mwaka wanadhani nawatungia hadithi, hadi wanapokiona kitabu.

Mkikipata kisomeni kwa sauti. Utaona mara moja kwamba hawa ni watembezi wa namna nyingine. Mlima kwao hauna fahari ya pekee, na jua likizama hawatumii sentensi kumi. Wanachokishika ni watu: nani alitupokea, tulikula nini, mfalme wa hapo alidai hongo ya nguo ngapi, tulipatanaje, nani alitukimbia usiku. Sleman anatembea na mali ya mkopo, na deni lile linatembea naye. Wapo wanaosema uandishi huo ni mkavu. Sikubaliani nao. Mtu anayejua kwamba nguo zikiisha kabla ya kuvuka Ugogo safari imekwisha, macho yake yanakwenda kwenye nguo, na msomaji anayefuata hesabu zile anaihofia safari kuliko anavyoihofia Rubeho ya Burton.

Lakini hata hawa walikuwa watu wa njia kuu. Uluguru ya juu haimo.

Imo katika nini basi? Mwaka 1894 Franz Stuhlmann alipanda huku na kukusanya mimea, na wanasayansi wengi wamemfuata hadi leo, maana msitu huu una ndege na maua yasiyopatikana popote pengine duniani. Kazi zao ni za thamani. Ila ni kazi za mtu anayeinamia jani. Baadaye wakaja maofisa wa kikoloni na mradi wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, wakaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko. Wazee wanakumbuka ulivyoishia: Julai 1955 watu wa Matombo walisimama wakakataa, polisi wakaja, damu ikamwagika, na mradi ukafa. Sehemu nyingi udongo wa juu ni mwembamba, na ukikata tuta unafukua udongo usio na rutuba. Mama aliyepanda mteremko ule kwa jembe na mtoto mgongoni alilijua hilo. Ripoti za mradi hazikumuuliza.

Mkitaka safari ndefu ya miguu iliyoingia mlimani kweli, ipo, na ni ya zamani kuliko Burton au haiko mbali naye. Katika ukame Wazaramo walituma watu wao kutoka nchi ya pwani hadi Kolelo, pangoni, upande wa kusini-mashariki wa Uluguru, kuomba mvua. Walitembea siku nyingi na zawadi zao, wakapokewa na walinzi wa pango, wakarudi na maagizo. Wamisionari wa Kijerumani waliandika habari za Kolelo mwanzoni mwa karne ya 20, hasa kwa sababu jina hilo lilikuwa limetajwa katika siku za Majimaji, mwaka 1905. Hatuna maandishi ya hata mmoja wa mahujaji wale. Ningetoa vitabu vingi katika rafu yangu nipate kurasa kumi za Mzaramo akieleza jinsi joto la bonde la Ruvu linavyokwisha na ubaridi wa Kolelo unavyoanza, na wale waliowakaribisha njiani walisema lugha gani.

Na angalieni walikuwa wanafuata nini. Pepo za Bahari ya Hindi zinaupiga mlima huu upande wa mashariki, na huko mvua hupita milimita 2,500 kwa mwaka, wakati sisi wa Morogoro mjini, kivulini, kwa kawaida hatufiki 1,000. Maji yale ndiyo Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Oktoba 2022 mto ulipopungua, jiji zima liliingia kwenye mgao wa maji. Mzaramo wa zamani alijua maji yake yanatoka wapi kwa sababu alikwenda huko kwa miguu. Mjukuu wake anafungua bomba.

Nimalizie kwa kukieleza kitabu ninachokitaka, kwa sababu nimechoka kukieleza kwa marafiki tu.

Kianzie hapa Kilakala, alfajiri, na kianze kwa kupishana na wanaoshuka. Nimesimama mara nyingi njiani kuwatazama akina mama wa vijiji vya juu. Ndizi zimepangwa kwenye tenga, tenga limekaa juu ya ngata, mkono mmoja una fimbo. Mvua ikiwa imenyesha, njia ile nyekundu inateleza kama sabuni, na mama anashuka upande-upande, kisigino kwanza, bila kutazama chini. Kuna mahali kwenye kona ambapo ukingo wa njia umefika usawa wa kifua. Hapo anageuka, anaegemeza tenga kwenye ukingo bila kulishusha, anavuta pumzi, anafunga upya kanga, kisha anainama kidogo na kulichukua tena bila kumwita mtu amtwike. Ukingo ule umelainika kwa matenga ya miaka mingi. Kila njia ya mlima huu ina sehemu za namna hiyo, na anayezijua zote kwa mpangilio, kutoka juu hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu, anayo ramani ambayo hakuna ofisi iliyoichora. Soko lenyewe lina jina la watawala wa Kinole, waliosifika kwa mvua. Mzigo unatoka mlimani na kutua chini ya jina la mlimani. Mwandishi wangu aliseme hilo, na aulize bei ya mkungu njiani na bei yake sokoni, kama Sleman angefanya.

Kisha kipande. Kipite Morning Side, ile nyumba ya Wajerumani mnayokwenda kupiga picha, kiendelee pale mnapogeukia. Kizunguke Bondwa yenye minara ya redio, kiteremke hadi Bunduki, kwenye pengo linaloigawa Uluguru ya kaskazini na ya kusini. Kikae Mgeta muda wa kutosha, penye kabichi, karoti na njegere, na malori yanayopakia usiku. Kiulize kuhusu ardhi. Waluguru wanafuata ukoo wa mama, na shamba la mteremkoni limepita kwa mabibi kabla ya kumfikia anayelilima. Mtembezi asiyelijua hilo ataona mipaka ya mashamba na kudhani ni vichaka tu. Halafu Lukwangule, uwanda ulio juu ya mita 2,400, wenye ukungu na nyasi, na Kimhandu, unaopita mita 2,600. Kisha upande wa mashariki kwenye mdalasini, pilipili manga na mafenesi, hadi Kolelo, ambako mahujaji wale walikuwa wakifika.

Nimesema mwandishi awe mtu wa hapa. Niongeze: ningependa awe msichana. Shule ya Sekondari Kilakala, ambayo masista wa Maryknoll waliianzisha ikiitwa Marian College, imekuwa ikisomesha wasichana miguuni pa mlima huu tangu kabla ya uhuru. Vitabu nilivyovitaja leo vyote ni vya wanaume waliotembea na wanaume, ingawa misafara ile ilikuwa na wanawake waliobeba vyungu, watoto na mizigo ya waume zao. Hapa wabebaji ni wanawake na ardhi ni ya upande wa mama. Mwanamume akifika kwenye ukingo ule wa kupumzikia tenga, mazungumzo yanakatika. Nimeliona hilo likitokea kwa sababu yangu. Msichana akifika, anaulizwa ni mtoto wa nani, anapishwa nafasi, na habari inaendelea pale ilipokuwa.

Mambo machache ya vitendo kwa atakayethubutu. Sehemu ya juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru tangu mwaka 2008, kwa hiyo kibali kinahitajika na kinapatikana hapa mjini. Usiende peke yako, wala usiende Machi hadi Mei kwa safari ya kwanza. Nenda Julai au Agosti, halafu rudi masika ukishawajua watu wa njiani. Mwongoza njia alipwe kabla hujajinunulia viatu, na jina lake, akikubali, liwemo kitabuni kuanzia ukurasa wa kwanza. Jifunze Kiluguru cha kuamkiana kabla hujaondoka, na umwombe bibi mmoja wa kijiji cha Ruvuma au Choma, huku huku mlimani, akusikilize unavyokitamka. Beba mzigo wako mwenyewe. Siku ya kushuka, kama mama yeyote atakukubalia, umsaidie tenga lake kutoka kona moja hadi nyingine, kisha ndipo uandike kuhusu mteremko.